Kusafisha, kuhariri, kuchakachua

Enzi za filamu tulipeleka mkanda studio "kusafisha picha". Kitenzi hicho kinadokeza uchafu tu kuondolewa, lakini ndani ya chumba cha giza fundi alifanya zaidi: aliamua mwanga kiasi gani upige karatasi, kona ipi ififie, ipi ikolee. Mwaka 1941 mpigapicha Ansel Adams alipiga picha ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, Marekani. Kwa miaka mingi baadaye aliichapa upya, na anga likazidi kuwa jeusi. Sioni uongo hapo. Kanisa, misalaba ya makaburini na mwezi vyote vilikuwepo.

Kwa hiyo siwaungi mkono wanaosema kuhariri ni kudanganya. Hata simu hujiamulia rangi na mwanga kabla mpigaji hajagusa chochote.

Udanganyifu una neno lake: kuchakachua, lililovuma Tanzania kwa mafuta ya magari yaliyochanganywa na mafuta ya taa. Februari 1982, jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza, Misri, kwa kompyuta ili picha ya mlalo ienee kwenye jalada la wima. Mhariri alijitetea kwamba ni sawa na mpigaji kuhama aliposimama. Lakini mpigaji hakuhama. Yaliyohamishwa ni mawe. Gazeti likimfuta mtu pichani kisha likaandika chini "picha imehaririwa", linamficha msomaji ukweli. Liandike imechakachuliwa.