Mlima Uliopanda Reli

Reli ilifika Arusha mwaka 1929, ikakomea hapo. Sisi wa Mbulu na Hanang tukabaki na malori na vumbi lake.

Kwa hiyo nilipoingia Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, sikutarajia kukutana na nyumbani. Mbele yangu lilisimama Mount Gelai, namba 5918, garimoshi la tani 252 lililoundwa Manchester mwaka 1955. Yalikuwa 34 ya aina hiyo, makubwa kuliko yote duniani katika reli ya upana wa mita moja. Yalivuta mizigo ya Mombasa na Nairobi, na yalipewa majina ya milima yetu. Namba 5910 liliitwa Mount Hanang.

Kumbe mlima wetu ulifika baharini kabla yangu! Lakini dizeli iliposhika kazi, ukaishia kuwa chuma chakavu. Yamesalia mawili tu, Gelai na Shengena. Gelai liliwashwa moto tena miaka ya 2000, likabeba watalii.

Niligusa ubavu wake uliopoa, nikaona uchungu. Hanang ilipiga honi miaka mingi, nasi tuliolala chini ya mlima wenyewe hatukuisikia hata mara moja.