Siri ya Waata Ilikuwa Kwenye Kigumba

Wanaosimulia habari za Waata, wawindaji wa ndovu wa Tsavo nchini Kenya, husifu upinde wao mrefu, mgumu kuvuta. Sifa hiyo ni haki yao, lakini haitoshi. Upinde wenyewe haukuwa na kifaa cha kuegemezea mshale. Wano liliegemea mkononi. Uangalifu mkubwa ulikuwa kwenye kigumba: kilipakwa sumu ya msunguti iliyochemshwa, kisha kikaviringishiwa ngozi laini ili sumu isikauke.

Mtu atasema kwamba bila upinde wenye nguvu mshale usingepenya ngozi ya ndovu. Kweli, ila sumu iliyochakaa ingemwachia jeraha tu. Serikali ya kikoloni, iliyoanzisha Hifadhi ya Tsavo mwaka 1948, iliuita uwindaji huo ujangili. Jina hilo halifuti ujuzi: silaha yao iliua kwa kutunzwa, si kwa misuli pekee.