Kiinimacho na Ukuri: Swali la Kale Katika Njia ya Gitega na Muyinga

Wanafunzi wetu wa Gitega na Muyinga wamezoea kutuuliza maana ya maneno. Siku hizi wameanza kutuuliza habari za ulimwengu wenyewe. Je, yawezekana kwamba dunia hii, pamoja na sisi tuliomo, ni mwigo tu unaoendeshwa ndani ya kompyuta ya viumbe wengine? Wapo walimu wanaolicheka swali hilo. Sisi twaona lastahili jibu, kwa kuwa historia yake ni ndefu kuliko ya kompyuta, na kwa kuwa Kiswahili na Kirundi vina la kusema juu yake.

Tuanze na neno kiinimacho. Mfanya mazingaombwe anapogeuza kitambaa kuwa njiwa, Kiswahili hakisemi kwamba kitambaa kimebadilika. Chasema kwamba lililotendeka limetendeka katika kiini cha jicho la mtazamaji. Neno moja latenganisha kinachoonekana na kilichopo, na hapo ndipo alipoanzia Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, na ambaye jina lake si geni kwa Waislamu wa Muyinga. Katika kitabu alichokiita Al-Munqidh min al-Dalal aeleza jinsi alivyoacha kuyaamini macho yake. Kivuli chaonekana kimesimama, kumbe chatembea. Nyota yaonekana kadiri ya dinari, kumbe hesabu zathibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Basi kama macho yadanganya na akili ndiyo iyasahihishayo, ni nani atakayeisahihisha akili? Aliyelala huiamini ndoto yake mpaka aamke. Huenda na kukesha kwetu ni usingizi wa namna nyingine. Shaka hiyo ilimkaa karibu miezi miwili, naye akaiita maradhi. Hakuponywa na hoja, asema, bali na nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake.

Miaka mia tano na zaidi baadaye, mwaka 1641, Mfaransa Descartes aliuliza karibu lile lile, ila yeye alimbuni pepo mwerevu anayemdanganya katika kila jambo. Hatuna haja ya kukawia hapo.

Sura mpya ya swali ililetwa mwaka 2003 na Nick Bostrom, mwanafalsafa mzaliwa wa Sweden aliyekuwa Oxford. Yeye hakusema kwamba tumo ndani ya kompyuta, kama wengi wanavyomnukuu. Alisema kwamba moja kati ya mambo matatu lazima liwe kweli: ama karibu kila jamii ya viumbe wenye akili huangamia kabla ya kupata mitambo yenye nguvu za kutosha, ama jamii zinazoipata hazina haja ya kuitumia kuiga maisha ya wahenga wao, ama, kama wanaigwa mara nyingi, walio ndani ya miigo ni wengi kupita kiasi kuliko wale wa asili, na yaelekea sisi tu miongoni mwao. Wanafunzi hukimbilia lile la tatu, maana ndilo tamu. Kwetu sisi uzito uko katika maneno mawili yaliyomo ndani ya lile la pili: kuiga wahenga. Yaani kuirudia historia, pamoja na watu wake na maumivu yao. Bostrom mwenyewe alitaja kwamba huenda jamii hizo zikajikataza jambo hilo kwa sababu ya mateso yatakayowapata walio ndani.

Lakini je, aliye ndani ya mwigo ni mtu? Hapa twamgeukia jirani yetu, Padri Alexis Kagame wa Rwanda (1912–1981), aliyechapisha mwaka 1956 kitabu cha falsafa kilichosimama juu ya sarufi. Kwa kufuata ngeli za Kinyarwanda aliligawa kila lililopo katika mafungu manne: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Maneno hayo yamo vilevile katika Kirundi, na mwalimu wa Kiswahili atamtambua humo mtu na kitu bila kuelekezwa. Wako waliomlaumu Kagame, kama Paulin Hountondji wa Benin, kwamba falsafa haichimbwi kutoka katika ngeli, na lawama hiyo haikosi nguvu. Hata hivyo jambo moja la Kagame latufaa: umuntu kwake ni kilichopo chenye akili. Hakuuliza kimefinyangwa kwa nini. Kwa kipimo hicho, mwenye kufikiri na kuumia ni mtu, awe ni wa udongo au wa tarakimu, na kifo chake ni kifo.

Hatulisemi hili kwa kupenda mjadala. Barabara ya kutoka Gitega kwenda Muyinga yapita Karusi, nchi ya mto Ruvubu. Huko, mwanzoni mwa mwaka 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi sita ya halaiki ikahesabu miili 6,032, ya watu waliouawa mwaka 1972, mwaka ambao walimu na wanafunzi walikuwa miongoni mwa waliosakwa sana. Na karibu na Gitega, huko Kibimba, lipo jengo la ukumbusho wa wanafunzi waliochomwa moto Oktoba 1993. Mwanafunzi anayesema kwamba dunia ni mwigo, kwa hiyo hakuna kilichotokea, amevuka kutoka hoja ya Bostrom hadi penye jambo ambalo Bostrom hakulisema.

Kirundi humzuia asivuke. Kweli kwa Kirundi ni ukuri, neno lililoundwa kwa kitenzi -ri, yaani kuwa. Ukuri ni kule kuwako kwa jambo. Dunia ikiwa ya mawe au ya hesabu za mtambo, lililokuwako lilikuwako. Kule Karusi, pamoja na mifupa na risasi, zilitoka nguo, miwani na tasbihi za Kikatoliki, na kwa vitu hivyo baadhi ya waliouawa waliweza kutambuliwa, miaka 48 baadaye.