Ng'ambo ya Mto Upi? Mkoa, Lugha na Fasihi baina ya Bungoma na Kitale

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi simulizi nchini Kenya wamezoea kuigawa kazi yao kwa mujibu wa mikoa na makabila. Aghalabu husemwa "fasihi simulizi ya Waluhya wa Mkoa wa Magharibi" kana kwamba mkoa, kabila na lugha ni vitu vitatu vilivyolingana tangu jadi. Makala haya yanayahoji mazoea hayo kwa kuchunguza jiografia, historia na lugha ya eneo lililo baina ya Bungoma na Kitale. Hoja inayotetewa ni kwamba mpaka uliotenganisha miji hiyo miwili ni zao la utawala wa karne ya 20, na kwa hiyo haufai kuwa kigezo cha kuainishia fasihi. Mhakiki anayeupokea bila kuuhoji hushiriki, hata kama hakukusudia, katika kuukata uhusiano ambao matini yenyewe huudhihirisha.

Jiografia na majina

Eneo linalohusika linatawaliwa na Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321, ambao Wabukusu na ndugu zao wa Uganda huuita Masaaba. Mto Nzoia unapata maji yake kutoka mlima huo na kutoka vilima vya Cherang'any, kisha unaelekea Ziwa Victoria. Bungoma iko kusini mwa mlima. Kitale iko mashariki yake. Msafiri anayetoka Bungoma kwenda Kitale kwa njia ya Kimilili, Kamukuywa na Kiminini hauvuki Mto Nzoia hata mara moja.

Ukweli huo mdogo wa kijiografia una uzito mkubwa kwa mwanafunzi wa lugha. Wilaya ambayo Kitale ni makao yake makuu iliitwa Trans Nzoia, yaani ng'ambo ya Nzoia. Kwa mtu wa Kimilili jina hilo halina maana, maadamu yeye na Kitale wako upande mmoja wa mto. Lina maana kwa anayetazama kutoka Eldoret, katika nyanda za Uasin Gishu, walikotokea walowezi. Jina, basi, halikueleza mahali tu. Lilieleza pia aliposimama msemaji.

Mifano mingine si haba. Maporomoko ya Nzoia yaliyoko Webuye yaliitwa Broderick Falls, na mji uliokua karibu nayo ukabeba jina hilo hadi baada ya uhuru. Wabukusu wenyewe waliandikwa "Kitosh" katika ripoti za serikali ya kikoloni, jina ambalo si lao. Naye Günter Wagner, katika utafiti wake mashuhuri uliochapishwa mwaka 1949, aliwaandika "Vugusu". Msomaji wa nyaraka za zamani asiyefahamu mambo hayo anaweza kudhani kwamba anasoma habari za jamii tatu tofauti.

Jinsi mkoa ulivyochorwa

Hadi mwaka 1902 eneo lote hili lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Himaya ya Uganda. Katika mwaka huo mkoa huo ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya, na wasemaji wa lahaja zinazofanana wakajikuta katika nchi mbili. Kabla ya hapo, mwaka 1895, majeshi yaliyoongozwa na Waingereza yalikuwa yamewashinda Wabukusu katika ngome ya Chetambe, karibu na Webuye.

Mgawanyiko wa pili ulikuwa wa ardhi. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mashamba ya Trans Nzoia yaligawiwa walowezi wa Kizungu, wakiwemo wanajeshi wa zamani, na tawi la reli likafika Kitale mwaka 1926. Bungoma ilibaki katika maeneo yaliyotengewa Waafrika. Wakazi wa Bungoma waliendelea kwenda Kitale, lakini sasa kama vibarua na maskwota. Manung'uniko juu ya ardhi hiyo yalisikika katika mahubiri ya Elijah Masinde na Dini ya Msambwa, iliyopigwa marufuku mwaka 1948, mwaka uleule ambao wafuasi wake walipigwa risasi na polisi huko Malakisi.

Mipaka ya majimbo ilipojadiliwa mwaka 1962, mahali pa Kitale palizua mvutano mkali. Masinde Muliro na wenzake waliudai mji huo uwe wa Magharibi. Viongozi wa Wakalenjin waliudai uwe wa Bonde la Ufa. Hatimaye Trans Nzoia iliingizwa Bonde la Ufa, na ikabaki huko hadi mikoa ilipoacha nafasi yake kwa kaunti mwaka 2013.

Hali hii haikulikumba eneo hili peke yake. Ulster, mkoa wa kaskazini mwa Ireland, una kaunti tisa kwa hesabu ya jadi. Ireland ilipogawanywa mwaka 1921, kaunti sita zilibaki chini ya Uingereza, nazo Donegal, Cavan na Monaghan zikaenda upande wa pili. Hata hivyo, Kigaeli cha Donegal kina sifa nyingi zinazokikaribisha na Kigaeli cha Uskoti, ng'ambo ya bahari, kuliko na lahaja za kusini mwa Ireland. Si ajabu kwamba Brian Friel aliiweka Donegal kuwa mandhari ya tamthilia yake Translations (1980), inayohusu wapima ramani wa jeshi la Uingereza wanaobadilisha majina ya mahali. Hapo pia lugha, mkoa na ramani vinakataa kulingana.

Ushahidi wa lugha

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 iliundwa kamati ya kusanifisha lugha moja ya maandishi kwa Waluhya wote. Lee Appleby, mmisionari wa Church Missionary Society, alikuwa miongoni mwa waliojishughulisha sana na kazi hiyo. Usanifishaji huo uliegemea lahaja za sehemu za kati, nao Wabukusu na Wamaragoli hawakuukubali kwa moyo mmoja. Wamaragoli walikuwa tayari na maandiko yao, matunda ya kazi ya misheni ya Marafiki.

Upinzani wa Wabukusu una msingi wa kiisimu. Katika Kiwanga, "mti" ni omusala na "miti" ni emisala. Katika Kibukusu ni kumusala na kimisala. Viambishi hivyo kamili havipatikani Mumias, bali vinapatikana ng'ambo ya mpaka wa Uganda, katika Kimasaaba. Kwa kigezo hiki, Kibukusu kinaelekea mlimani zaidi ya kinavyoelekea makao makuu ya mkoa yaliyokuwa Kakamega.

Ushahidi wa kushangaza zaidi unatoka katika majina ya marika. Wabukusu wana marika manane yanayozunguka kwa muda wa takriban karne moja, na tohara hufanywa katika miaka inayogawika kwa mbili. Miongoni mwa majina hayo ni Kolongolo, Kikwameti, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Kwa Wakalenjin majina ni Korongoro, Kipkoimet, Nyongi, Maina, Chumo na Sawe. Ulinganifu huu hauwezi kuwa wa bahati. Wabukusu ni Wabantu na Wakalenjin ni Waniloti, lakini wanaihesabu historia yao kwa kalenda moja.

Huenda ikadaiwa kwamba kukopa majina si ithibati ya udugu. Dai hilo ni la haki. Maneno hukopwa vitani na katika wizi wa mifugo sawa na yanavyokopwa katika ndoa, na masimulizi ya eneo hili yanataja yote hayo. Hata hivyo, jamii haikopi mfumo mzima wa kuhesabu vizazi kutoka kwa watu iliokutana nao juzi. Ujirani huo ni wa muda mrefu, na wa karibu.

Fasihi isiyotii mpaka

Utanzu unaodhihirisha jambo hili ni kumuse, hotuba inayotolewa baada ya kifo cha mzee anayeheshimiwa. Msemaji wake, omuswala kumuse, husimulia asili ya watu, koo zao na njia walizopitia. Mapokeo hayo ya uhamaji, ambayo F. E. Makila aliyashughulikia katika historia yake ya Wabukusu (1978), yanataja Misri na pia Silikwa. Jina hilo la pili linakumbusha Wasirikwa wa masimulizi ya Wakalenjin, ambao jina lao limepewa mashimo ya kale yanayoonekana Trans Nzoia na Uasin Gishu. Ramani ya kumuse, kwa hiyo, ina Elgon na nyanda za Kitale kwa pamoja. Mtafiti anayeikusanya Bungoma na kuiita fasihi ya Magharibi ameupunguza upeo wa msemaji wake.

Katika maandishi, Kiswahili kimetenda kazi iliyo sawa na hiyo. Mashamba ya Trans Nzoia yaliwakutanisha vibarua wa lugha nyingi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kuelewana. Ken Walibora (1964–2020), aliyezaliwa eneo la Bungoma na kukulia Trans Nzoia, alimtoa mhusika wake mkuu Tanga hadi Kitale katika Siku Njema (1996). Riwaya ya Kiswahili iliyozoea kuitazama bara kutoka pwani inafanya Kitale kuwa mahali pa kutafutia asili. Mwandishi huyo hawezi kuwekwa katika fungu la mkoa mmoja bila kupotoshwa.

Hitimisho

Suala hili si la wanazuoni pekee. Mapigano yaliyozuka mwaka 1991 na 1992 katika mpaka wa Bungoma na Trans Nzoia na kwenye miteremko ya Elgon yaliwafukuza watu makwao kwa kutumia msamiati wa "wenyeji" na "wageni". Msamiati huo ulidai kwamba kila kabila lina mkoa wake na kila mkoa una kabila lake. Watu waliotahiriwa katika marika yenye majina yaleyale waliambiwa kwamba hawajuani.

Uhakiki hauwezi kuzuia vita. Unaweza, hata hivyo, kukataa kuvipa hoja. Njia iliyo wazi ni kuzikusanya kumuse, masimulizi ya Wasabaot na hadithi za Wamasaaba na kuzisoma pamoja, kwa kufuata maji ya mlima badala ya orodha ya mikoa. Mtafiti atakayeifuata njia ya Kimilili hadi Kitale, akisikiliza, atafika bila kuuvuka mto wowote unaostahili kuitwa mpaka.