Kazi Mseto: Choroko Hutangulia Mchele

Tuiiteje ofisi ambayo wafanyakazi wake huja siku tatu kwa wiki, na mbili wakafanyia kazi nyumbani? Wapo wanaosema ofisi haibridi, wakayamaliza. Wapo wanaosema chotara, wapo wa mahuluti, na wapo, nami nikiwemo, wanaosema kazi mseto. Si suala la ladha tu. Kila neno huja na picha yake, na picha hiyo ndiyo itakayomwongoza anayepanga ofisi.

Haibridi ina asili ya Kilatini: hybrida alikuwa mtoto wa nguruwe wa kufugwa na nguruwe mwitu. Kwa maana hiyo ya uzao, Kiswahili kina chotara, na wakulima hulitumia kila msimu: mahindi chotara, kuku chotara. Lakini chotara ni kiumbe kimoja kipya. Humgawi ukamrudisha nusu kwa baba, nusu kwa mama. Ofisi tunayoizungumzia haiko hivyo. Jumanne mtu yuko kazini mzimamzima, Ijumaa yuko kwake mzimamzima. Mahuluti nalo, lililotoka Kiarabu, linatuambia kwamba vitu vimechanganywa, basi. Kwa nini na kwa mpango gani, halisemi.

Mseto linasema zaidi, kwa sababu limeshafanya kazi hii katika nyanja nyingine. Kilimo mseto huweka miti na mazao katika shamba moja. Wakenya waliishi chini ya serikali ya mseto kuanzia 2008, mahasimu wawili katika baraza moja la mawaziri. Na Tanzania Bara ilipoachana na dawa ya malaria ya SP mwaka 2006 ikaingia kwenye ALu, wananchi waliiita dawa ya mseto. Ndani ya kidonge hicho, artemether huwashambulia vimelea vya malaria kwa kasi lakini haikai mwilini. Lumefantrine hukaa siku kadhaa ikiwamaliza waliosalia. Huo ndio msingi wa istilahi yetu: viwili vimewekwa pamoja kwa makusudi, kila kimoja kikifanya ambacho mwenzake hakiwezi.

Sasa turudi jikoni, neno lilikotoka. Mseto ni mchele na choroko, au pojo kwa watu wa Mombasa, chungu kimoja. Ukivitia vyote kwa pamoja, mchele utavurugika choroko zikiwa bado ngumu, na mlaji atatafuna changarawe ndani ya uji. Mpishi anayejua huanza na choroko. Zikishalainika ndipo hutia mchele, kisha tui.

Choroko za ofisini ni makubaliano: siku gani tuwepo sote, tukikutana tufanye nini, na uamuzi uandikwe wapi. Ofisi nyingi hutanguliza mchele, yaani ruhusa ya kukaa nyumbani, makubaliano yakaachwa yajipike yenyewe. Niliyaona hayo katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi. Tulikuwa sita mezani na wawili kwenye skrini ya kompyuta. Mtu akatania, tukacheka, na sauti ya mbali ikauliza, “Samahani, mmesemaje?” Hakuna aliyerudia. Mkutano ukaisha bila uamuzi. Uamuzi ulipatikana kwenye chai ya saa nne, vikombe mkononi, na wale wawili wakaujua kesho yake. Huo haukuwa mseto. Ilikuwa ofisi ya zamani yenye watazamaji.

Mseto ulioiva upo. Katika jaribio, kampuni ya usafiri ya Trip.com huko Shanghai iliwagawa wafanyakazi wake 1,612 kwa tarehe za kuzaliwa: witiri kundi moja, shufwa kundi jingine. Kundi moja likaja ofisini siku zote tano. La pili likapewa Jumatano na Ijumaa za kufanyia kazi nyumbani. Matokeo, ambayo mchumi Nicholas Bloom na wenzake waliyachapisha mwaka 2024, yalionyesha kwamba katika kundi la pili walioacha kazi walipungua kwa theluthi, na ubora wa kazi haukushuka. Tazama jinsi siku zilivyopangwa. Haikuwa kila mtu na siku yake. Jumatatu, Jumanne na Alhamisi wote walikuwapo. Aliyefunga safari kwenda ofisini aliwakuta wenzake, hakukuta viti vitupu.

Na kuwakuta wenzako kuna faida yake. Thomas Allen wa MIT alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba kadiri meza za wahandisi zinavyotengana, ndivyo wanavyozungumza mara chache, na hata mita 50 zinatosha kuwanyamazisha. Kuandika ripoti kunataka utulivu wa nyumbani. Kumfundisha mgeni kazi, au kumaliza ubishi, kunataka meza moja.

Basi kazi mseto ni utaratibu wa kazi ambao kwa makubaliano huipa ofisi na nyumba kila moja kazi inayoifaa. Neno halibadiliki katika wingi: mkutano mseto, mikutano mseto. Hutembea na neno jingine, unyumbufu, na hapa tuwe waangalifu, maana wengi huuchanganya na ulegevu. Kitu kinyumbufu hupinda kikarudi mahali pake. Kilicholegea hupinda kikabaki hukohuko. Mfanyakazi anayehamisha saa zake ampeleke mtoto kliniki, kisha akakamilisha kazi yake jioni, ni mnyumbufu. Ofisi isiyojua nani yuko wapi imelegea.

Kwa hiyo, ndugu mwajiri, kabla hujaandika kazi mseto kwenye tangazo lako, jiulize kama choroko zako zimeshaiva. Kama bado, sema ukweli: andika siku tatu ofisini, mbili nyumbani. Hiyo ni ratiba tu, na jina la mseto liisubiri siku itakapoiva.