The Sidewinder: Santuri iliyompandisha Lee Morgan na kumfunga

LEE Morgan alikuwa na umri wa miaka 25 alipoingia katika studio ya Rudy Van Gelder, Englewood Cliffs, jimbo la New Jersey, Marekani, Desemba 21, 1963. Siku hiyo moja ilitosha kurekodi nyimbo tano, zote za utunzi wake, zilizotolewa na kampuni ya Blue Note Julai 1964 katika santuri iitwayo The Sidewinder.

Kwa mpuliza tarumbeta huyo, ilikuwa ni safari ya kurejea. Mzaliwa wa Philadelphia, alianza mapema mno: mwaka 1956, akiwa na miaka 18, alikuwa tayari katika bendi kubwa ya Dizzy Gillespie na alikwisha kurekodi santuri yake ya kwanza akiwa kiongozi. Mwaka uliofuata alipuliza katika Blue Train ya John Coltrane, na mwaka 1958 akajiunga na Jazz Messengers ya mpiga ngoma Art Blakey.

Bendi hiyo ndiyo iliyokuwa chuo cha hard bop, mtindo wa jazi uliochukua ufundi mgumu wa kizazi cha Charlie Parker na kuurudisha kwenye bluzi na nyimbo za makanisa ya Wamarekani weusi. Lakini heroini ilimharibia Morgan. Mwaka 1961 aliiacha bendi na kurudi kwao Philadelphia, na nafasi yake ikachukuliwa na Freddie Hubbard.

Katika The Sidewinder alizungukwa na Joe Henderson (saksafoni), Barry Harris (piano), Bob Cranshaw (besi) na Billy Higgins (ngoma). Wimbo uliobeba jina la santuri ni bluzi, ila mzunguko wake umerefushwa kutoka vipimo 12 vilivyozoeleka hadi 24. Besi na piano hurudiarudia kijipande kimoja, nazo ngoma za Higgins zina mwendo wa kuchezeka ambao haukuwa wa kawaida kwa wanajazi wa wakati huo. Wimbo huo huchukua zaidi ya dakika 10, na bado hauchoshi.

Hata hivyo, msikilizaji makini atakayegeukia Totem Pole, wimbo wa pili, huenda akauona kuwa bora zaidi. Humo tarumbeta ya Morgan haitegemei mdundo wa kunasa masikio; inasimulia.

Soko halikuwa na habari na Totem Pole. Santuri ilipanda hadi nafasi ya 25 katika orodha ya jarida la Billboard, jambo lisilotarajiwa kwa kampuni ndogo ya jazi, na wimbo wenyewe, uliokatwa ili utoshe katika sahani ndogo, ulifika nafasi ya 81 katika orodha ya nyimbo. Kampuni ya magari ya Chrysler iliutumia katika tangazo la televisheni wakati wa fainali za besiboli za Marekani.

Hapo ndipo mafanikio yalipoanza kudai malipo. Februari 15, 1964, kabla The Sidewinder haijaingia madukani, Morgan alikuwa amerudi studio pamoja na Wayne Shorter, Grant Green, Herbie Hancock, Reggie Workman na Higgins, kurekodi Search for the New Land. Ni kazi yenye utulivu na upeo mpana zaidi, na miongoni mwa nyimbo zake umo Mr. Kenyatta. Kenya ilikuwa na miezi miwili tu tangu ipate uhuru, Desemba 12, 1963.

Lakini Blue Note sasa ilitaka Sidewinder nyingine. Santuri hiyo iliwekwa kabatini hadi mwaka 1966. Wimbo uliorekodiwa Jomo Kenyatta akiwa Waziri Mkuu ulitoka akiwa tayari Rais wa Jamhuri. Wakati huo huo The Rumproller ilitoka ikiwa na wimbo wa kwanza uliofuata kabisa nyayo za kibao kile, na Cornbread ikafuata njia hiyo hiyo.

Morgan alipigwa risasi na mkewe, Helen, katika klabu ya Slugs' jijini New York, Februari 19, 1972, na kufariki dunia akiwa na miaka 33. Helen ndiye aliyemsaidia kuinuka tena baada ya miaka ya heroini, na kisa chao kilisimuliwa katika filamu ya Kasper Collin ya mwaka 2016, I Called Him Morgan.

Rekodi nyingine zilizokuwa kabatini ziliendelea kutoka baada ya kifo chake. Tom Cat, ya Agosti 1964, ilisubiri hadi 1980. The Sidewinder yenyewe iliingizwa mwaka 2024 katika hifadhi ya taifa ya rekodi inayosimamiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.