Mtoto Aliye Kizuizini na Huduma ya Kichungaji: Mafunzo ya Historia kwa Kanisa Katavi

Tunapozungumza juu ya huduma ya kichungaji magerezani, mara nyingi tunamfikiria mtu mzima aliyehukumiwa. Katika makala hii tunakusudia kumtazama mtoto wa umri wa mafundisho ya Kipaimara aliye mikononi mwa dola. Historia inatufundisha nini juu ya kumtumikia, hasa atokapo mahali pa mbali kama Mpanda?

Katika mapokeo yetu ya Kilutheri, jibu mojawapo lenye uzito lilitoka Ujerumani. Mwaka 1833 Johann Hinrich Wichern, mwanatheolojia wa miaka 25, alifungua karibu na Hamburg nyumba iitwayo Rauhes Haus kwa ajili ya watoto maskini waliokosa malezi. Hakuizungushia ukuta. Watoto waliishi katika makundi madogo mfano wa familia, kila kundi na mlezi wake, wakijifunza kusoma, kuomba na kufanya kazi za mikono. Kwa Wichern msamaha ulitangulia adabu: mtoto alipopokelewa aliambiwa kwanza kwamba yaliyopita yamesamehewa, ndipo akafundishwa maisha mapya.

Katavi nayo ina historia yake. Mwaka 1885 Mapadre Weupe waliipokea Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, wakawalea huko watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1889 alifika Adrien Atiman, aliyetekwa angali mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na kusomeshwa utabibu Malta. Aliwatibu na kuwafundisha watu wa Karema hadi kufa kwake mwaka 1956. Mtoto aliyefungwa alikuwa mtumishi wa wengi. Lakini tusifiche upande wa pili: watoto wengi waliokombolewa waliendelea kuwa chini ya amri ya misheni, iliyowapangia makazi, kazi, hata ndoa. Huruma isiyojichunguza yaweza kugeuka kuwa kifungo cha pili.

Kwa upande wa dola, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya watoto na vijana mwaka 1937. Nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, inaanzisha Mahakama ya Watoto, na inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani. Hata hivyo, mahabusu za watoto zilijengwa katika miji michache, kama vile Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha na Mbeya. Na Shule ya Maadilisho ya Irambo iko Mbeya, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mpanda. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora iliripoti kuwakuta watoto wakizuiliwa pamoja na watu wazima. Basi mtoto wa pembezoni anakabiliwa na hatari mbili: kuchanganywa na wakubwa karibu na kwao, au kutengwa na jamaa zake kwa umbali.

Hapa mafundisho ya Luther juu ya tawala mbili yanatusaidia. Hakimu hupima kosa. Mchungaji hutangaza msamaha. Mchungaji akigeuka mpelelezi wa polisi, au akiahidi kumwombea kwa hakimu yule tu anayehudhuria ibada, amechanganya tawala hizo na kuiuza Injili. Siri ya maungamo ni ya mtoto kama ilivyo ya mzee. Tena mtoto Mwislamu, au Mkristo wa kanisa lingine, asibatizwe wala kuhamishwa dhehebu kwa sababu tu hana mlango wa kutokea.

Kwa hiyo tunashauri mambo mawili. Kwanza, mchungaji aliye jirani na kizuizi, kwa ridhaa ya mtoto na idhini ya wakuu wa kituo, amwandikie mchungaji wa usharika wa nyumbani, ili wazazi wapate habari na mafundisho ya Kipaimara yasikatike. Pili, usharika wa nyumbani ujiandae kumpokea siku ya kurudi. Paulo, naye akiwa kifungoni, hakutosheka kumfariji Onesimo. Alimwandikia Filemoni ampokee kama ndugu (Filemoni 10–17). Kumtembelea mtoto kizuizini bila kumwandalia mlango nyumbani ni kuiacha nusu ya waraka huo bila kutimizwa.